Gazeti, kampuni ya wiski na watoto wa Distaval

1.
Nilipotangaza kwamba uzi wa safari hii utahusu magazeti, baadhi yenu mliniuliza: nesi na magazeti wapi na wapi? Swali zuri. Jibu lake ni dawa moja inayoitwa thalidomaidi. Aliyesomea afya anaijua, tunakutana nayo kwenye somo la dawa, aya mbili tatu, "usimpe mjamzito", basi, mwalimu anasonga mbele. Kuna sehemu ambayo darasani haikuwahi kuguswa. Kwa miaka karibu 15 habari kamili ya jinsi dawa hii ilivyoingia sokoni ilikuwepo, watu walikuwa nayo mikononi, na haikuandikwa. Na nchi yenyewe ni Uingereza, ile tunayoambiwa ndiyo mama wa bunge na wa magazeti huru.

Uzi ni mrefu. Chukua chai.

2.
Kampuni ya Kijerumani, Chemie Grünenthal, ilianza kuiuza dawa hii tarehe 1 Oktoba 1957 kwa jina la Contergan. Ilikuwa dawa ya usingizi na ya kutuliza wasiwasi. Kumbuka enzi zile dawa za usingizi zilikuwa za jamii ya babichureti, ukizidisha hukuamka. Hii mpya ikasifiwa kwamba hata ukimeza nyingi hufi. Ujerumani Magharibi iliuzwa bila cheti cha daktari, unaenda dukani kama unavyoenda kununua panadol.

Aprili 1958 ikaingia Uingereza kwa jina la Distaval. Walioileta ni kampuni ya Distillers. Hilo jina lishike, tutakuwa nalo mpaka mwisho. Distillers kazi yao kubwa ilikuwa pombe: Johnnie Walker ilikuwa yao, jini ya Gordon's ilikuwa yao. Dawa kwao ilikuwa biashara ya pembeni.

Wajawazito wakapewa kwa ajili ya kichefuchefu cha asubuhi na kukosa usingizi. Distillers waliwaambia madaktari, kwa matangazo ya kuchapishwa, kwamba ni salama kwa mjamzito na kwa mama anayenyonyesha. Tangazo lao jingine lilionyesha mtoto mdogo mbele ya kabati la dawa, chupa mkononi. Maana yake ni kwamba hii hata mtoto akiifikia hamna shida. Nikiliangalia leo mwili unanisisimka.

Kwa wasio wa fani, nieleze kidogo. Viungo vya mtoto vinaumbika wiki za mwanzo kabisa. Siku za hatari za thalidomaidi ni chache mno, kama siku ya 20 hadi ya 36 tangu mimba itungwe. Wanawake wengi siku hizo ndiyo kwanza wanaanza kujiuliza mbona sijaona siku zangu. Kidonge kimoja kikiangukia humo kilitosha. Siku za mwanzo zinaharibika zaidi sehemu za masikio, zinazofuata mikono, za mwisho miguu. Watoto wakazaliwa vidole vimeota begani, wengine hawana mikono wala miguu, wengine viziwi, wengine wana kasoro za moyo na matumbo ambazo huzioni kwa nje. Duniani wanakadiriwa kuwa zaidi ya 10,000, na hapo mimba zilizotoka zenyewe hazimo. Wengi walikufa wakiwa wachanga.

Sasa mfikirie huyo mama. Anajifungua, wodi nzima inanyamaza, hakuna anayemwambia kitu. Halafu miezi na miezi anajiuliza alikosea nini. Wapo waliolaumiwa na ndugu wa mume. Kidonge alichopewa kwa nia njema hakuna aliyekifikiria.

3.
Nani alikifikiria kwanza? Huko Australia, kwenye hospitali ya akina mama ya Crown Street mjini Sydney, inasemwa kwamba aliyeanza kushuku ni sista wa wodi, Pat Sparrow. Barua iliyochapishwa kwenye jarida la The Lancet tarehe 16 Desemba 1961 ina jina la daktari, William McBride, na sifa zikaenda kwake. (Huyo McBride miaka mingi baadaye alikutwa na hatia ya kughushi matokeo ya utafiti mwingine, akafutwa kwenye orodha ya madaktari. Manesi wenzangu, sisemi kitu.)

Ujerumani alikuwepo Widukind Lenz, daktari wa watoto mjini Hamburg. Alizunguka nyumba za wazazi akiuliza ulikula nini, ulikunywa nini, ulitumia dawa gani. Tarehe 15 Novemba 1961 akapiga simu Grünenthal kuwaambia iondoeni hii dawa. Hawakuiondoa. Siku chache baadaye akalisema jambo hilo kwenye mkutano wa madaktari. Dawa ikaendelea kuuzwa. Maofisa wa serikali wakakutana na kampuni, bado inauzwa.

Jumapili tarehe 26 Novemba gazeti la Welt am Sonntag likatoa habari: kuna dawa inashukiwa kuharibu watoto tumboni, na kuna daktari ameonya. Kesho yake kampuni ikaondoa Contergan sokoni, huku ikilalamika kwamba magazeti yameharibu mjadala wa kisayansi.

Hesabu mwenyewe. Siku 11 za simu, barua na vikao, na kila siku moja kati ya hizo kuna mjamzito anaingia dukani. Kisha gazeti moja la Jumapili, na Jumatatu dawa haipo. Gazeti lenyewe halikugundua chochote, lilichokuwa nacho ni kile kile alichokisema Lenz. Tofauti ni kwamba sasa aliyekuwa anasikiliza ni mnunuzi.

Distillers nao wakaiondoa Uingereza siku chache baadaye, mwanzoni mwa Desemba.

Marekani haikuidhinishwa kuuzwa kabisa, kwa sababu ya mwanamke mmoja, Frances Kelsey, aliyekuwa mkaguzi mgeni kwenye mamlaka ya dawa. Aliendelea kuidai kampuni ushahidi zaidi, wao wanamsumbua kwa simu na ziara, yeye anawarudishia faili. Wananchi walimjua Julai 1962 pale Morton Mintz alipoiandika habari yake kwenye ukurasa wa mbele wa Washington Post. Oktoba mwaka huo huo Rais Kennedy akasaini sheria ngumu ya dawa ambayo ilikuwa imekwama bungeni. Kisa cha Kelsey kinastahili uzi wake. Turudi Uingereza.

4.
Uingereza dawa iliondoka, watoto wakabaki. Ungetegemea nini kifuate? Uchunguzi, si ndiyo? Ilikuwaje dawa ikaruhusiwa, nani aliipima, aliipima kwa nani. Wazazi waliomba uchunguzi wa wazi. Waziri wa Afya wa wakati ule, Enoch Powell, alikataa.

Basi wazazi wakaenda mahakamani kudai fidia, kesi za kwanza zikafunguliwa 1962. Na hapa ndipo mlango ulipofungwa.

Sheria ya Uingereza ilikuwa na kosa la kudharau mahakama, na ndani yake kulikuwa na kanuni hii: jambo likishafika mahakamani, usichapishe kitu kinachoweza kuelemea kesi. Si sheria mbaya kwa asili yake. Hutaki gazeti limtangaze mtu ni muuaji wakati wazee wa baraza hawajasikia shahidi hata mmoja. Lakini angalia inavyofanya kazi kesi inapokuwa ya madai na mshitakiwa ana pesa na muda. Mawakili wanaandikiana barua. Mwaka unaisha. Mazungumzo ya kumaliza nje ya mahakama yanaanza, yanasimama, yanaanza tena. Hakuna siku ya kusikilizwa, hakuna shahidi, lakini kesi "ipo mahakamani", kwa hiyo kimya. Kesi haisikilizwi, na kwa kuwa haijasikilizwa hairuhusiwi kuzungumzwa.

Kimya hicho kilikuwa na bei. Mwaka 1968 familia 62 zilikubali kulipwa asilimia 40 ya kile ambacho wangepata kama wangeshinda kesi yote, kwa sharti la kufuta tuhuma za uzembe. Mzazi ana mtoto wa miaka saba asiye na mikono, hana wakili wa maana, hajui kama kuna nyaraka, hajui wenzake wako wapi. Unakubali. Hata mimi ningekubali.

Zikabaki familia 389. Mwaka 1971 Distillers wakapendekeza mfuko wa hisani, uliokuja kufika pauni milioni 3.25 kwa watoto wote hao, na mwanzoni wakaweka sharti kwamba lazima wazazi wote wakubali. Watano wakakataa. Mmojawapo alikuwa David Mason, mfanyabiashara wa kazi za sanaa London, baba wa Louise. Ikaombwa mahakamani wazazi hao watano waondolewe kusimamia madai ya watoto wao wenyewe, kazi hiyo apewe ofisa wa mahakama! Aprili 1972 Mahakama ya Rufaa ikalikataa ombi hilo.

Daily Mail ilikuwa imejaribu kuandika kuhusu suala hili Desemba 1971. Mwanasheria Mkuu wa serikali akalipelekea barua ya onyo. Likaacha.

5.
Sasa tufike kwenye gazeti lenyewe, Sunday Times, na mhariri wake Harold Evans, mtoto wa dereva wa treni, aliyekuwa amekaa kwenye kiti hicho tangu 1967.

Naomba nisimpambe sana. Gazeti hilo lilikuwa na nyaraka tangu mwishoni mwa miaka ya 60. Za Kijerumani zilitoka kwa wakili wa Sweden aliyekuwa anatetea familia za kwao. Za ndani ya Distillers zilitoka kwa mtaalamu aliyekuwa mshauri wa wazazi kwenye kesi, na gazeti lilimlipa. Ndiyo, lilinunua nyaraka. Na baada ya kuzinunua zikakaa. Wanasheria wa gazeti walisema kesi ipo mahakamani. Phillip Knightley, mmoja wa waandishi waliofanya kazi hiyo, aliandika baadaye kwa masikitiko kuhusu jinsi walivyochelewa. Watoto walikuwa wanakua. Aliyezaliwa 1960, gazeti lilipoamka, alikuwa na miaka 12.

Kwa hiyo usidhani uhuru wa gazeti ni mhariri shujaa anagonga meza. Miaka yote hiyo hakuna polisi aliyeingia chumba cha habari wala waziri aliyefungia gazeti. Kilichokuwepo ni ushauri wa wakili kila ukikaribia kuchapa. Inatosha kabisa.

6.
Waliitegua hivi. Wanasheria walikuwa wanazuia gazeti kusema nani ana hatia. Sawa. Tusiseme nani ana hatia. Tuseme hivi: hata kama kisheria Distillers hawadaiwi hata senti, kibinadamu pesa wanayotoa ni ndogo mno ukiilinganisha na maisha ya hawa watoto na mali ya kampuni. Hoja ya sheria waliiweka pembeni, wakashika hoja ya utu.

Tarehe 24 Septemba 1972 ikatoka, makala ndefu yenye picha za watoto, ikiita jambo hilo aibu ya taifa zima. Chini yake kulikuwa na taarifa fupi kwamba makala ijayo itaeleza jinsi msiba wenyewe ulivyotokea.

Hapa simama kidogo tuongelee pesa, maana watu wengi wakisikia "uhuru wa vyombo vya habari" wanafikiria serikali tu. Distillers walikuwa miongoni mwa watoa matangazo wakubwa kabisa wa Sunday Times. Wiski, jini, ukurasa mzima wa rangi wiki baada ya wiki. Kila mtu pale alijua kinachokuja, na kilikuja, matangazo yakaondolewa. Gazeti lilistahimili kwa sababu mmiliki wake, Roy Thomson, Mkanada aliyetajirika kwa magazeti na redio, alikuwa na utaratibu wa kutoingilia wahariri wake, na pesa za kuvumilia hasara alikuwa nazo. Chukua gazeti lile lile, mhariri yule yule, mpe mmiliki anayehitaji tangazo la mwezi huu ili alipe mishahara. Sidhani kama makala ingetoka.

7.
Makala ya pili, ile ya "ilitokeaje", Evans hakuichapa kwa kuvizia. Oktoba 1972 aliipeleka rasimu kwa Mwanasheria Mkuu na kwa Distillers wenyewe, waisome watoe maoni. Ndani yake mlikuwa na mambo ambayo muuguzi yeyote angeuliza: dawa ilipimwaje kabla ya kupewa wajawazito? Kampuni iliwategemea Wajerumani kiasi gani? Ilijua nini, lini?

Mwanasheria Mkuu akaenda mahakamani, na tarehe 17 Novemba 1972 likatolewa zuio. Makala isichapwe.

Februari 1973 Mahakama ya Rufaa ikaliondoa zuio. Tarehe 18 Julai 1973 mabwana wa juu kabisa, wale majaji wa House of Lords, wote watano kwa kauli moja wakalirudisha. Hoja yao ilikuwa kwamba gazeti likiruhusiwa kuchambua uzembe wa mtu mwenye kesi, kesi itaamuliwa magazetini kabla ya kufika kwa jaji. Nimejaribu kuisoma hoja hiyo kwa haki, na ina uzito. Ila kesi ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka kumi na hakuna jaji aliyekuwa ameisikiliza! Mlango wa mahakama walikuwa wanaulinda vizuri, na ndani hakuna mtu.

8.
Kilichoniacha mdomo wazi ni kwamba zuio lilikuwa kwenye makala moja tu. Kila kitu kingine kiliendelea.

Kulikuwa na mbunge wa Labour, Jack Ashley. Alikuwa amepoteza usikivu kabisa akiwa tayari mbunge, anakaa bungeni anasoma midomo ya wenzake. Tarehe 29 Novemba 1972, siku 12 baada ya gazeti kufungwa mdomo, alisimama bungeni kuwasemea hawa watoto. Mbunge akisema ndani ya Bunge mahakama haimgusi, na magazeti yote yanaruhusiwa kuripoti kilichosemwa bungeni. Umeona ilivyopita? Alipozibwa mmoja, akasema mwingine, na huyo wa pili alijua cha kusema kwa sababu wa kwanza alikuwa amekwishaandika Septemba.

Kisha wakaingia wanahisa. Distillers ilikuwa kampuni ya umma, hisa zake zimo kwenye mifuko ya pensheni, kampuni za bima, halmashauri za miji. Watu wakaanza kuuliza: hivi pensheni yangu inakula faida ya hawa? Kampuni kubwa ya bima ya Legal & General, iliyokuwa na hisa nyingi, ikasema hadharani kwamba walipeni watoto vizuri. Januari 1973 Distillers wakapandisha dau mpaka pauni milioni 20. Tarehe 30 Julai 1973 mahakama ikapitisha makubaliano.

Kutoka 3.25 hadi 20. Hakuna hukumu ya fidia iliyowalazimisha, uchunguzi wa serikali haukuwepo, na hata ile makala ya nyaraka hakuna aliyekuwa ameisoma. Iliyofanya kazi ni ile ya kwanza, ya utu, pamoja na kelele iliyozaa.

Na kuna upande ambao wanaharakati wanapenda kuuruka. Baadhi ya wazazi waliyachukia magazeti. Waliogopa kampuni itakasirika na ile pesa kidogo itaondoka. Malalamiko dhidi ya Daily Mail mwaka 1971 yalitoka kwa wazazi. Ukikaa na mama anayelea mtoto wa namna hiyo peke yake unamwelewa. Mason na wenzake wanne waliokataa walikuwa wanacheza kamari na riziki ya wenzao, na wenzao walijua hivyo. Kamari ililipa. Ingeweza kutolipa.

9.
Zuio liliendelea kuwepo hata baada ya watu kulipwa, kwa sababu kesi chache zilikuwa bado. Liliondolewa tarehe 23 Juni 1976, na tarehe 27 makala ikatoka, miaka karibu minne tangu iandikwe. Watoto wakubwa walikuwa na miaka 17.

Evans na wenzake walikuwa wameshakwenda mbele zaidi, Strasbourg, kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Hukumu ilitoka tarehe 26 Aprili 1979. Majaji 20 walikaa: 11 walisema Uingereza imevunja uhuru wa kujieleza, 9 walisema haikuvunja. Angekuwa mmoja amehama wangekuwa kumi kwa kumi. Waliopata wengi walisema jambo hili linahusu umma mzima, kwamba familia zina haki ya kujua kwa undani kilichowapata, na kwamba kesi kuwa mahakamani hakuondoi haki ya watu wengine kuijadili. Mwaka 1981 Bunge la Uingereza likaibadilisha sheria ya kudharau mahakama. Tangu hapo kesi ya madai iliyolala haizibi mdomo: mpaka kusikilizwa kuwe kumepangwa, na makala iwe na hatari kubwa ya kuelemea haki.

Mtu ataniuliza, haya ya Wazungu yanatuhusu nini? Yanatuhusu hivi. Kanuni za adhabu za Tanzania na Kenya ziliandikwa na mkoloni yule yule, na kosa la kudharau mahakama kwa kuandika wakati kesi inaendelea tulilirithi kutoka kwao. Ndiyo maana kiongozi wetu akibanwa na waandishi jibu lake la kwanza ni "suala hilo liko mahakamani, siwezi kulizungumzia". Mara nyingine ni kweli. Mara nyingine uliza tu: lilisikilizwa mara ya mwisho lini? Na sisi tuna Strasbourg yetu pale Arusha, watu wanaisahau. Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki iliamua kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya Tanzania ya mwaka 2016 vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Kesi hiyo ililetwa na Baraza la Habari pamoja na watetezi wa haki, sheria yenyewe ikaja kufanyiwa marekebisho 2023. Kama yalitosha au la, waandishi wanajua kuliko mimi.

10.
Kwa wenzangu wa wodini, kuna kitu kimoja cha msiba huu mnakishika mkononi. Uingereza ilianzisha mwaka 1964 kadi ya njano, ya mhudumu wa afya kuripoti madhara ya dawa, ili asihitaji kungoja daktari mmoja wa Hamburg azunguke nyumba za watu. Ile fomu ya njano ya TMDA iliyoko kwenye droo ya wodi, hiyo ni mjukuu wake. Ijazeni. Najua zamu ni ngumu na karatasi ni nyingi. Ijazeni tu.

Na dawa yenyewe haijafa. Tangu miaka ya 60 inatibu ile mmenyuko mikali ya ukoma, na sasa hivi inatumika kwa saratani ya uboho, kwa masharti makali ya kuzuia mimba.

Serikali ya Uingereza iliomba radhi kwa waathirika Januari 2010. Grünenthal waliomba radhi tarehe 31 Agosti 2012, miaka zaidi ya 50 tangu simu ya Lenz. Wengi wa waathirika waliona radhi yenyewe haina uzito.

Sunday Times? Thomson mzee alifariki 1976. Mwaka 1981 mwanawe aliliuza gazeti, pamoja na The Times, kwa Rupert Murdoch, ambaye aliahidi kwa maandishi kutoingilia wahariri. Evans akahamishiwa kuwa mhariri wa The Times. Machi 1982 alikuwa ameshaondoka, baada ya mwaka mmoja tu.

Maswali wekeni hapa chini, nitajibu usiku nikitoka zamu. Wiki ijayo nadhani nitamleta Kelsey.